Maradhi ya mlipuko yakiingia: maswali ya barazani na majibu yake

Maswali haya nimeyakusanya barazani, kwenye boti ya kwenda Pemba, na moja limetoka kwa mama mkwe wangu, ambaye haulizi ila anataka jibu.

Skuli zikifungwa na mikusanyiko ikizuiwa, maradhi yanakwisha?

Hayakwishi. Yanachelewa, na huko kuchelewa ndiko kunakotafutwa. Tuseme mgonjwa mmoja anaambukiza watu watatu, na kila mmoja wao watatu wengine. Mzunguko wa kumi peke yake utakuwa na wagonjwa 59,049. Sasa kila mmoja aambukize wawili tu, kwa sababu skuli zimefungwa, harusi imeahirishwa na watu wamevaa barakoa kwenye daladala. Mzunguko wa kumi unakuwa na wagonjwa 1,024. Virusi ni vilevile, watu ni walewale. Na wastani ukishuka chini ya mtu mmoja, mlipuko unaanza kufa wenyewe.

Hospitali yenye mitungi ya oksijeni ya kuhesabu inaweza kuwahudumia wagonjwa mia wakija kwa miezi mitatu. Wakija wote wiki moja, wengine watafia kwenye korido. Muda huo unaopatikana una kazi nyingine pia: kufundisha wauguzi, kuleta dawa, kungoja chanjo. Serikali ikifunga kisha ikakaa kitako, imewatesa watu bure.

Sisi Wazanzibari tumezungukwa na bahari. Si tufunge bandari na uwanja wa ndege, basi?

Hili ndilo la mama mkwe, na hakukosea sana. Novemba 1918, wakati wa homa kubwa ya mafua duniani, meli Talune kutoka New Zealand ilifika Apia, Samoa ya Magharibi, ikiwa na wagonjwa ndani. Abiria wakaachiwa kushuka. Katika muda mfupi, takriban mtu mmoja kati ya kila watano alikufa. Jirani yao, Samoa ya Marekani, gavana John Poyer aliziwekea meli karantini kali, na homa ile haikuua mtu hata mmoja.

Lakini mchele, unga na mafuta vyetu vinakuja kwa njia hiyohiyo ya bahari, na watu wengi wanakula kwa mgeni anayeshuka uwanjani. Isitoshe, tuna bandari bubu. Ukifunga bandari ya Malindi, Unguja, na ya Mkoani, Pemba, huku jahazi linashusha watu usiku kichochoroni mwa mikoko, umefunga mlango ukaacha dirisha wazi. Kwa hiyo mara nyingi linalowezekana ni kuchuja: kupima joto, kuuliza mtu ametoka wapi, kumtenga anayeshukiwa, na kuwa na watu wa pwani ambao wako tayari kutoa taarifa.

Karantini na kutengwa si kitu kimoja?

Hapana. Anayetengwa ni mgonjwa. Anayewekwa karantini ni mzima aliyekutana na mgonjwa au aliyetoka kwenye maradhi, anangojwa aonekane kama ataugua. Kwa korona zilikuwa siku 14, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa mpaka hapo. Jengo la kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, mnalopelekea wageni kutazama kobe lilijengwa miaka ya 1890 liwe jela, halikutumika hivyo, kisiwa kikawa kituo cha karantini cha abiria wa meli.

Na anayeona karantini ni mambo ya Wazungu akumbuke hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya tauni: ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta humo msitoke kwa kuikimbia.

Mbona safari nyingine wanazuia juisi na vyakula vya barabarani, misikiti wanaiacha?

Kwa sababu hicho ni kipindupindu. Kinapita kwenye maji na chakula chenye kinyesi, hakipiti kwenye pumzi. Kinga yake ni klorini, choo, maji ya kuchemsha na sabuni kabla ya kukaa kwenye sinia. Hatua inafuata njia ya maradhi.

Kwa nini bandarini wananitaka namba ya simu na jina la shehia?

Ili abiria aliyekaa safu yako akigundulika anaumwa, upatikane kabla hujawapa mkono watu hamsini mazikoni. Bila namba, sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, atapita nyumba hadi nyumba akiuliza nani alirudi Ijumaa.

Mwaka 2020 mimi mwenyewe, kwa haraka ya kuwahi boti, niliandika laini niliyokwisha kuipoteza. Kijana wa mezani akaipiga palepale. Haikuita. Akanirudishia kalamu bila kusema neno, na foleni nzima nyuma yangu ikawa inangoja niandike ya kweli.