Msiniombe Nizibe Maungio kwa Saruji

Juzi nimeulizwa tena, safari hii kiwanjani Moshono: "Injinia, matofali ya ukuta wa kuzuia udongo yakipangwa makavu hivi, bila hata kijiko cha saruji, si yatasombwa masika ya kwanza?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Kuta za mteremko huku kwetu zinaangushwa na maji. Chukua ukuta wenye kimo cha mita 2. Udongo mkavu wa kichanga unausukuma kwa kama tani 1.2 kwenye kila mita moja ya urefu wake. Maji yakijaa nyuma mpaka juu, yenyewe tu yanasukuma karibu tani 2, na udongo haujaondoka. Ukiongeza kimo mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne.

Mwaka juzi niliitwa Kibosho kuona ukuta wa mawe. Fundi alikuwa na mkono safi, maungio yote yamejaa saruji, lakini katikati ukuta umevimba kama tumbo. Tukatoboa tundu moja chini kwa tindo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaruka, yakamlowesha kijana wangu mapaja yote, na tulipomaliza chai ya saa nne yalikuwa bado yanatoka. Mvua ilikuwa imekatika siku tatu nyuma. Saruji ile ilijenga tangi!

Matofali yangu yanapangwa makavu kwa makusudi. Maji yanapenya, na ardhi ikicheza kidogo ukuta unacheza nayo bila kupasuka. Ulimi wa kila tofali unashika la chini yake, na kila safu inarudi kidogo kuelekea mlimani. Msingi ni kokoto zilizoshindiliwa sentimita 15, safu ya kwanza inazikwa na kupigwa pima maji. Hapo hakuna siri.

Kazi yenyewe iko nyuma, mahali ambapo mteja hapaoni, na ndipo anapotaka kubana pesa. Kokoto safi upana wa sentimita 30, bomba lenye matundu chini yake, tena lenye pa kutokea. Jiogridi, yaani wavu wa plastiki unaoshikilia udongo, iingie mlimani angalau asilimia 60 ya kimo cha ukuta, ivutwe inyooke kabla ya kufukiwa. Udongo ushindiliwe kila sentimita 20. Msinirudishie ule mliouchimba hapo hapo! Udongo wetu wa volkano kiangazi unasimama wima kama umechongwa, watu wanauamini, kumbe ukilowa unashika maji kama sifongo.

Kitambaa cha kuchuja, kile cha kuzuia udongo usiingie kwenye kokoto, ndicho kinachoninyima usingizi. Vitabu vinakichora kama mstari mmoja, basi. Mimi nimefukua kimoja Machame nikakikuta kimepakwa tope laini pande zote, hakipitishi kitu. Siku hizi sehemu nyingine natumia changarawe ya kuchuja badala yake, na kila nikifanya hivyo nabishana na nafsi yangu.

Saruji unayotaka kuniongezea, mzee wangu, jengea mfereji juu ya ukuta, maji ya paa lako yapite pembeni.