Siku ya Kumbukumbu si Lazima Iwe Sikukuu: Ufafanuzi kwa Waajiri na Wafanyakazi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapokolea, zinaangukia humo tarehe mbili ambazo sheria inazitambua kuwa sikukuu: 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na 9 Desemba, siku ya Uhuru. Ndizo siku ambazo vibarua wa maghala hupakia magunia kutwa nzima, kisha wanalipwa kama Jumanne yoyote.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Mshahara wa msingi, si posho. Kwa anayelipwa kwa mwezi na kufanya kazi saa 45 kwa wiki, zidisha 45 kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi mmoja), upate saa 195 hivi, kisha gawa mshahara kwa saa hizo. Mwenye mshahara wa shilingi 195,000, saa yake ni 1,000; siku ya sikukuu ni 2,000, na kwa saa 8 ni 16,000.

Upande wa pili, wafanyakazi nao wanatuletea madai ya 25 Julai. Siku hiyo tunawakumbuka mashujaa, na sisi wa Mtwara fikra zinakwenda Naliendele, walikolala askari wetu waliofia Msumbiji. Ni siku nzito kwetu sote. Lakini si ya mapumziko, na malipo yake ni ya kawaida. Vivyo hivyo 8 Machi, Siku ya Wanawake, na 5 Februari, siku CCM ilipozaliwa. Tafadhali, tumeshalieleza hili mara nyingi.

Wapo pia waajiri wanaodai Saba Saba ni ya maonesho ya Dar es Salaam na Nane Nane ni ya wakulima kwenye viwanja vya maonesho vya Ngongo, Lindi. Hapana. 7 Julai ndiyo siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na mpishi wa hoteli Lindi ana haki ileile siku zote mbili.

Idd na Maulidi zinafuata mwezi mwandamo. Mwaka wake una upungufu wa siku 11 hivi, ndiyo maana 12 Mfungo Sita, siku ya Maulidi, haikai tarehe moja. Kalenda ya ukutani inakadiria tu. Mwezi ukiandama tofauti, ratiba ya zamu ibadilishwe.

Mwenye dai la malipo ajaze fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu. Nakala apewe kwanza mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea uambatanishwe. Ukichelewa, utalazimika kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na maombi yanaweza kukataliwa. Usuluhishi hupewa siku 30. Uje na kumbukumbu za mahudhurio, hata kama ni picha ya simu ya daftari la msimamizi wa ghala.