Vidonda vya mgandamizo ni nini?

Aliyepata kiharusi au kuumia uti wa mgongo mara nyingi hawezi kujigeuza. Mfupa unaielemea nyama juu ya godoro, damu haipiti, na baada ya saa kadhaa nyama inaanza kufa. Hicho ndicho kidonda cha mgandamizo, ambacho wengi wanakiita kidonda cha kulalia. Hutokea pale mfupa ulipo karibu na ngozi: mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko, kisogo.

Madhara mara nyingi huanzia ndani, jirani na mfupa, huku ngozi ya juu ikiwa bado nzima. Wauguzaji huambiwa watazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Tumia kiganja. Mahali penye joto kuliko pembeni, pagumu au palipoiva rangi kuelekea zambarau, pameshaanza. Usipachue wala kupasugua, utazidi kuumiza nyama ya ndani.

Dawa ya kwanza ni kuondoa uzito. Hata dawa nzuri ya kupaka haitaponya kidonda ambacho bado kimelaliwa. Mgeuze kila baada ya saa 2 hivi: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Tulipomuuguza bibi tulitega simu ilie saa nne, saa sita, saa nane, mpaka alfajiri, tukapeana zamu. Tulimtandikia shuka iliyokunjwa chini ya kiuno. Wawili wanashika pembe, wanamnyanyua. Kumburuta kunachubua. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee, kiganja kipite chini yake bila kugusa.

Mkojo usikae juu ya ngozi. Chakula kiwe na mayai, maharage, dagaa au maziwa, maana nyama mpya haijengwi na uji mtupu.

Kidonda kikishafunguka, kioshe kwa maji ya chumvi yanayouzwa tayari duka la dawa (saline), au maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifunike kibaki na unyevu kidogo. Spiriti inaua hata chembe zinazojaribu kupona, na kukianika kikauke kunachelewesha. Ukiona nyama nyeusi, usaha, harufu kali, homa au shimo linaloelekea mfupani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nyama iliyokufa huondolewa na mtaalamu, si kwa wembe wa nyumbani.