Yule papa wa kwenye muvi hayupo huko chini, na meno yake ndo yanatuambia

Jumamosi mtoto wa dada yangu alinivuta mpaka kibanda cha video huku Igoma, Mwanza, akasema mamdogo wewe si ndo mtu wa samaki, twende ukaone. Muvi yenyewe ni zile za papa wa kale anayeitwa megalodon, ametoka kwenye kina ambacho hakuna binadamu amewahi kufika, anaanza kupasua meli, na DJ anatafsiri Kiswahili juu ya sauti zao. Kibanda kizima kimya. Niliogopa kweli, na nadhani waliotengeneza wanaijua kazi yao maana muda mrefu mwanzoni papa mwenyewe humuoni, unaona tochi ya mpiga mbizi inamulika mita mbili tatu alafu giza, basi. Aliyeoga huku kwetu ghubani, unazamisha mkono na vidole vinaanza kupotea machoni, hiyo hofu haitaji kufundishwa.

Njiani kurudi akaniuliza, mamdogo, bahari yote hawajaimaliza kuipekua, sasa wanajuaje kwamba hayupo? Nilimjibu kwa kifupi, ila swali lenyewe linastahili zaidi ya jibu la kwenye daladala ndo maana naandika.

Papa hana mifupa. Mwili wake umeshikwa na gegedu, ile ile uliyonayo kwenye sikio, na gegedu ikizama inaoza haraka kwahiyo visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe) vya papa mzima ni adimu mno. Kinachobaki ni meno, na meno papa anamwaga maisha yake yote, likitoka moja la nyuma linasogea mbele, papa mmoja anaweza kuangusha maelfu kwa maelfu mpaka anakufa. Huyu megalodon (jina lenyewe maana yake jino kubwa) meno yake yameokotwa karibu mabara yote, makubwa kabisa yanafika kama sentimita 18, yaani linajaza kiganja na vidole vyote. Zamani Ulaya waliyaita ndimi za mawe, wakaamini ni za nyoka au majoka, mpaka mwanasayansi Nicolas Steno alipopasua kichwa cha papa pale Florence mwaka 1666 akaona hee, ni meno yale yale.

Pamoja na meno zipo pingili chache za uti wa mgongo, na kutokana na hizo ndo wanakadiria urefu wake. Makadirio mengi yanacheza kati ya mita 15 na 20, utafiti mmoja wa 2025 ukampandisha hadi kama 24 lakini mwembamba kuliko tulivyokuwa tunamchora. Panga Hiace tatu pua kwa mkia ndo unapata ile mita 15. Kwahiyo kwenye ukubwa muvi hazijadanganya sana.

Zinapodanganya ni kwenye mahali na wakati.

Nianze na wakati. Ukichimba miamba ya baharini kutoka ya zamani kuja ya juzi, meno yake unayakuta, unayakuta, unayakuta, alafu kwenye miamba ya kama miaka milioni 3.6 iliyopita yanakatika. Sio kupungua tu, yanakatika, na ya papa wengine yanaendelea mpaka leo. Sasa fikiria mnyama anayeangusha maelfu ya meno ya ukubwa wa kiganja, awepo kwa miaka milioni tatu na zaidi na asiache hata moja jipya? Mtu atasema mbona meli ya utafiti ya Challenger, ile safari ya miaka ya 1870, iliyaopoa meno yake kwenye sakafu ya Pasifiki, na mwaka 1959 kuna aliyekadiria yana miaka elfu 11 mpaka 24 tu. Ni kweli alikadiria. Ila alipimia unene wa madini ya manganizi iliyoganda juu ya meno, na manganizi haigandi kwa mwendo mmoja kila mahali, hesabu hiyo ilishawekwa pembeni zamani.

Mtoto akaniwahi na silikanti. Nilifurahi mpaka nikasimama barabarani! Ni kweli, samaki huyo visukuku vyake vinaishia kama miaka milioni 66 iliyopita, kila mtu akajua kafa, alafu mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini mzima mzima, na huku kwetu wavuvi wa Tanga walianza kumtoa kwenye jarife miaka ya 2000 mpaka ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake 2009. Lakini silikanti ni samaki wa kama mita moja na nusu hivi, mpole, anakaa kwenye mapango ya miamba na hamwagi meno kila siku. Anajificha vizuri. Megalodon alikula nyangumi, alama za meno yake zipo kwenye mifupa yao ya kale, na nyangumi lazima aje juu kuvuta hewa. Angekuwepo tungeona makovu kwa nyangumi wa leo hata kama yeye mwenyewe hatujamuona.

Hapo ndo tunafika kwenye mahali. Muvi zinapenda kumweka chini ya mfereji wa Mariana kule Pasifiki, kama kilometa 11 kwenda chini, wanakwambia kuna tabaka la maji baridi na chini yake bahari ya joto iliyofungiwa. Wavuvi wetu matabaka wanayajua. Ziwa Victoria kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu, lakini miezi ya joto maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, chini yanakosa oksijeni na samaki wanapakimbia, mpaka upepo wa kusi wa Juni na Julai uje kuyakoroga. Angalia lakini yamekaaje: ya joto juu, ya baridi chini, kwasababu ya baridi ni mazito. Ziwa la joto chini ya dari la baridi lingepanda juu lenyewe. Zipo chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari, ni kweli, ila ukisogea mita chache tu maji yanarudi baridi ya digrii mbili tatu. Na nyama huko hakuna. Utafiti wa 2023 uliopima kemia ya meno yake uligundua mwili wake ulikuwa wa joto kama digrii 27, karibu saba juu ya bahari aliyoogelea. Mwili mkubwa wenye joto ni tanuru, unataka nyama nyingi kila wakati.

Na nadhani hilo ndo lililommaliza. Bahari ilipoa, nyangumi wadogo wengi wakatoweka, papa mweupe akaja kugombea mawindo yale yale. Mwanza tumeshaona samaki mkubwa akiishiwa chakula: sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 60, akala furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka mamia ya aina wakapotea, furu walipoisha akahamia kwenye dagaa, uduvi, hata watoto wake mwenyewe, akaendelea kuishi. Megalodon hangeweza kujaza tumbo lile kwa uduvi.

Jumapili nikampeleka mwaloni Kirumba kumuonyesha wa kale aliyebaki. Kamongo. Ukoo wake una zaidi ya miaka milioni 400, ana mapafu, lazima apande juu kuvuta hewa na akinaswa kwenye nyavu chini anakufa maji, samaki! Jamaa zake kiangazi kikikaza wanachimba tope wanalala miezi wanasubiri mvua. Ndani ya beseni alikuwepo mmoja mrefu kama mkono wangu, bado hai, akainua pua taratibu akavuta hewa. Mtoto akapeleka mkono mdomoni kwa kamongo. Mama muuzaji akamdaka kiwiko: "Toa kidole mwanangu, huyo anakata kweli."