Kabla hujalipia kipimo cha DNA kutafuta ukoo wako

Swali tunaloulizwa sana hapa Lubumbashi ni hili: "Mimi ni Mbuyi, na mtandaoni nimekuta Mbuyi mwingine anayeishi Ulaya. DNA itaonyesha kama nkambo (babu) wetu ni mmoja?"

Kipimo kinaweza kulinganisha damu zenu, lakini jina lenyewe si dalili ya undugu. Kwa Waluba, Mbuyi ni pacha aliyetangulia na Kabanga ni yule aliyemfuata. Nyumba yoyote iliyojaliwa mapacha inaweza kuwa na Mbuyi wake, awe wa Katuba au wa Mbuji-Mayi.

Huko Uingereza mambo ni tofauti. Jina la ukoo limepita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto kwa karne nyingi, na kromosomu Y, sehemu ya DNA ambayo wanaume tu ndio walio nayo, nayo hupita kwa baba hadi kwa mwana wa kiume, karibu bila kubadilika. Ndiyo maana wanaume wa jina moja wanaweza kulinganisha Y zao wakajua kama shina lao ni moja. Kwetu ndugu wa tumbo moja huitwa majina tofauti, na mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wakaandikishwa upya. Y haikuguswa na amri hiyo. Wazee wawili wenye majina yasiyofanana kabisa bado wanaweza kuthibitisha kwamba wametoka kwa babu mmoja wa upande wa baba.

Ila uchunguzi uwe wa kina. Ukiambiwa tu kwamba wewe ni wa kundi la E-M2, yaani tawi moja kubwa la Y, hujajua ukoo wako, kwa sababu kundi hilo limeenea mno miongoni mwa wanaume wa jamii za Kibantu. Linganisheni alama nyingi (sehemu za Y zinazosomwa na maabara), 37 au zaidi, tena zilezile kwa watu wote wawili.

Mtu wa kabila la Walamba au Wabemba anayetafuta ukoo wake ana kazi nyingine. Kwao ukoo unatoka kwa mama, na mwenye neno katika ukoo ni mjomba. Akipima Y atafuata mstari wa baba yake, ambao si wa ukoo wake. Cha kupima ni DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wote, lakini ni binti tu anayeipitisha mbele. Nayo hubadilika polepole sana: kufanana kunaweza kuwa kwa bibi wa miaka elfu kadhaa iliyopita.

Mwanamke hana Y, kwa hiyo akitaka mstari wa baba yake amwombe kaka yake wa baba mmoja, baba yake mwenyewe au baba mdogo. Na hapa nasisitiza: kabla ya kutoa mate ya kupimwa, kaeni kama familia mkubaliane. Kipimo kinaweza kufichua kwamba baba aliyelea si baba aliyezaa, na mzee ana haki ya kukataa kupimwa.

Hifadhi za DNA za makampuni ya kigeni zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Wakongo ni wachache humo. Usitume sampuli yako peke yake ukasubiri ndugu wajitokeze. Andika kwanza majina ya wazee, kijiji, chifu na ukoo wa kila mmoja, kisha pimeni wawili kutoka matawi mawili mnayodhani ni ya shina moja.