Ofisi hazikufungwa na mazishi hayakukatazwa: tuliyoyaelewa vibaya enzi ya korona

Mpaka leo ukikaa barazani Likoni na korona ikatajwa, hukosi kumsikia mtu akisema "mwaka ule serikali ilipofunga ofisi". Mwingine ataapa kwamba mazishi yalipigwa marufuku. Wa tatu atakuambia ukiwa na barua ya tajiri wako, askari wa kafyu hakugusi. Siwacheki, maana nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa navuka feri kila asubuhi kwenda kisiwani Mombasa, katika ofisi ndogo ya vipuri vya magari, na kwa miezi kadhaa nilishika masharti ambayo hayakuandikwa popote, nikavunja mengine yaliyoandikwa bila kujua.

Dhana: Rais akishatamka, ni sheria

Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Jumapili iliyofuata, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alihutubia taifa: shule zifungwe, na waajiri wahimizwe kuwaacha watu wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana, isipokuwa walio kwenye huduma muhimu. "Kuhimizwa" ndilo neno. Lakini hotuba ilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp ilikuwa imeshapunguzwa ikabaki mistari miwili: ofisi zote zimefungwa, kaeni nyumbani. Jumatatu nusu ya wenzangu hawakuja. Tajiri aliketi mezani akawapigia simu mmoja mmoja akiwauliza kama wameacha kazi.

Ukweli ni kwamba mambo yalikuwa na ngazi tatu, na zote zilisomwa kwa sauti moja kwenye taarifa ya habari. Ya kwanza ni hotuba. Ya pili ni mwongozo wa Wizara ya Afya. Ya tatu ni kanuni zilizochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na hizo ndizo zilizoweza kukufikisha kizimbani. Barakoa ilifika ngazi ya tatu Aprili 2020, chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242: faini hadi shilingi 20,000 au kifungo hadi miezi 6. Kufanyia kazi nyumbani hakukupanda hivyo. Hata Machi 2021, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilipofungwa, waajiri walishauriwa tu tena.

Ndiyo maana hata umbali ulituvuruga. Mabango yalisema mita 1.5. Kanuni zenyewe zilisema isipungue mita 1. Tajiri wetu, ambaye chumba chake hakikuwa kikubwa, alipolijua hilo alileta futi na utepe mwekundu, akapima mwenyewe mita moja kamili kutoka kiti hadi kiti, wala hakuongeza kidole. Kisheria alikuwa sawa. Tulibaki tukitazamana migongo wiki nzima tukihesabu kama ile mita inaanzia begani au puani.

Dhana: Kafyu ni ya usiku, kwa hiyo kabla ya saa moja huna la kuogopa

Kafyu ya kwanza ilianza Ijumaa, 27 Machi 2020, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Waajiri wengi wa kisiwani walifanya hesabu moja: tukiwaachia saa 10 jioni, watafika nyumbani mapema. Kila mtu akaachiwa saa 10. Matokeo yake maelfu walishuka kivukoni kwa pamoja, feri ni zile zile, na matatu ya viti 14 tayari ilikuwa imeamriwa ibebe abiria 8.

Saa moja ilikuwa bado iko mbali, jua halijatua, polisi walipoanza kupiga watu virungu na kurusha gesi ya machozi. Mimi nilikuwa kwenye mteremko, nyuma ya mama aliyebeba mfuko wa unga kichwani. Wiki mbili tulikuwa tumehubiriwa tusishike uso. Gesi ilipotufikia, mikono yote ile iliyokuwa imeshika vyuma vya kivuko na viti vya matatu ilikwenda moja kwa moja machoni na puani. Watu wakatema mate chini, wakakoholeana, wakakanyagana. Ule unga ulimwagika, na yule mama akainama kuuzoa na mchanga wake.

Ukweli wa kisheria: kafyu inamhusu mtu aliye nje baada ya saa iliyotajwa. Anayerudi nyumbani saa 11 jioni hajavunja lolote. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na Aprili mwaka huo Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kafyu yenyewe haipingani na katiba, ila nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilikiuka katiba. Watu wengi walisikia nusu tu ya hukumu, kila mmoja nusu aliyoitaka.

Kuna dhana nyingine pacha na hii, kwamba serikali iliamini virusi vinatembea usiku. Ilikuwa mzaha mzuri, nami niliusambaza. Kafyu ilikusudiwa kupunguza mikusanyiko ya jioni, yaani baa, kesha, disko matanga na vibaraza. Kama ilifaulu kufanya hivyo bila kuisukuma mikusanyiko yenyewe saa za mchana, kivuko cha Likoni kina jibu lake.

Dhana: Mombasa ilifungwa, hakuna kutoka nyumbani

Tulisema "lockdown" kwa kila kitu, na neno hilo lilituponza. Tarehe 8 Aprili 2020 kilichosimamishwa ni kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi. Ndani ya kaunti, mchana, ulikuwa huru kwenda sokoni, kazini, hata kumsalimia shangazi. Waliobanwa zaidi ni wakazi wa Mji wa Kale, ambao pamoja na Eastleigh ya Nairobi walizuiwa kuingia na kutoka mtaani kwao kuanzia 6 Mei.

Mimi wa Likoni nilivuka maji kila siku bila kuulizwa, kwa kuwa Likoni ni Mombasa. Mwenzangu wa Ng'ombeni, ambako ni mwendo mfupi tu kutoka kwangu, alikuwa Kwale. Mpaka wa kaunti, ambao kabla ya hapo hakuna aliyeujali ila wagombea wa siasa, ukamkatia kazi. Tarehe 6 Juni kafyu ilisogezwa hadi saa 3 usiku, na Kwale na Kilifi zikafunguliwa, lakini Mombasa ikaachwa imefungwa siku 30 zaidi. Akanipigia simu akicheka kwa uchungu: sasa anaweza kwenda Kisumu akitaka, ila ofisini kwake hafiki. Alirudi Julai.

Dhana: Ukiwa na barua ya mwajiri, wewe ni mfanyakazi muhimu

Barua zile! Ofisi yetu ilimpa kila mmoja yake, muhuri wa bluu, maneno "mfanyakazi muhimu" kwa herufi kubwa. Mimi niliifunika kwa plastiki ili jasho lisiiharibu.

Agizo la kafyu lilikuwa na orodha ya huduma: wahudumu wa afya, maduka ya dawa, vyombo vya habari, umeme, wasafirishaji wa vyakula, benki na nyinginezo. Kilichohesabika ni kazi yako kuwa kwenye orodha. Barua ilikuwa ushahidi tu wa hilo. Bomba la breki halimo. Askari mmoja pale Mtongwe aliisoma yangu kwa tochi mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Kaka, hii imeandikwa vizuri sana," kisha akaniambia nipande gari la polisi na wenzangu.

Dhana: Mazishi na harusi vilikatazwa

Havikukatazwa siku hata moja. Vilipunguziwa watu, na idadi ikawa inapanda na kushuka kama maji ya bahari. Machi 2020 waziri wa afya Mutahi Kagwe alisema mazishi yahudhuriwe na familia ya karibu tu. Sasa niambie, Pwani hii, familia ya karibu ni nani? Kwa aliyeandika lile agizo pengine ni mke, mume na watoto. Kwetu ni wajomba, mashangazi, waliokulea, ulionyonya nao pamoja, na jirani aliyekuoshea maiti ya mama yako. Baadaye ikaja namba: 15.

Tulimzika ami yangu chini ya namba hiyo. Naibu chifu alisimama langoni mwa makaburi na daftari la shule, akihesabu kwa kalamu. Alipofika 15 akanyoosha mkono. Waliobaki nje walikuwa ndugu wawili wa marehemu, na waliokwisha kuingia ni wachimba kaburi wanne ambao kazi yao ilikuwa imekwisha. Je, wachimba kaburi wanahesabiwa? Chifu hakujua, nasi hatukujua. Ikabidi wachimbaji watoke na majembe yao, ndugu waingie. Jeneza ambalo hupokezanwa bega kwa bega tangu msikitini lilibebwa na watu wale wale sita mwanzo hadi mwisho, na ami alikuwa mtu mzito.

Tarehe 6 Julai 2020 idadi ikawa 100, kwa mazishi na harusi. Nyumba za ibada zikafunguliwa kwa watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya miaka 58. Mwisho wa Septemba mazishi na harusi vikapandishwa hadi 200 na kafyu ikasogea saa 5 usiku. Novemba kafyu ikarudi saa 4. Kwa hiyo mtu aliyesema "100" na aliyesema "200" kwenye kikao cha harusi wote walikuwa wakweli, ila kila mmoja alisema kweli ya mwezi wake.

Na wanasiasa? Novemba 2020 mikutano ya siasa ilisimamishwa kwa siku 60, ikasimamishwa tena Machi 2021. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zikafanyika Kisumu uwanjani, umati ukiwepo. Katikati ya mwezi ule ule kaunti 13 za magharibi, Kisumu ikiwemo, zikawekewa kafyu ya saa 1 usiku. Mwananchi aliyekuwa amewahesabu wachimba kaburi hakuhitaji kuambiwa na mtu ajisikieje.

Dhana: Sahani ya chipsi inaihalalisha bia

Hii nitaipita haraka. Baa zilifungwa Machi 2020, mikahawa ikaruhusiwa baadaye kuuza pombe kwa mlo. Baa nyingi zikawa mikahawa usiku mmoja. Niliona kwa macho yangu sahani moja ya chipsi baridi ikizungushwa meza nne, ikitangulizwa kila mara mlinzi alipopiga mluzi. Tarehe 27 Julai Rais akapiga marufuku pombe kwenye mikahawa yote kwa siku 30, kisha 30 nyingine. Chipsi zile hazikumwokoa mtu.

Dhana: Mwajiri alikuwa na uwezo wa kukuita, kukukata mshahara au kukufukuza kwa chanjo, maana ni dharura

Hapa ndipo wengi tulipoteza fedha. Wapo walioamini kwamba mwenye zaidi ya miaka 58 haruhusiwi kazini. Sharti la Julai lilihusu ibada. Novemba 2020 ndipo maafisa wa umma wa umri huo walipoagizwa kufanyia kazi mbali na ofisi, isipokuwa walio kwenye sekta nyeti. Kwa kuwa wao hustaafu wakiwa na miaka 60, ilikuwa nafuu ya watu wachache. Mzee wetu wa stoo mwenye miaka 61, wa kampuni binafsi, hakuwemo.

Chanjo nayo: Agosti 2021 mkuu wa utumishi wa umma, Joseph Kinyua, aliwapa watumishi wa umma hadi tarehe 23 wawe wamechanjwa, akilalamika kwamba wengine wanaikwepa makusudi ili waendelee kukaa nyumbani kwa kisingizio cha korona. Agizo lile halikuwahusu wa vipuri. Novemba likaja jingine, kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa hatapata huduma za serikali. Mahakama Kuu ililisimamisha wiki moja kabla ya siku yenyewe.

Sheria za kazi, wakati wote huo, zilibaki palepale. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri asimlazimishe kurudi mahali hapo kabla hajairekebisha. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inataka mabadiliko ya mkataba yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, na aarifiwe kwa maandishi. Korona haikuvifuta vifungu hivyo. Nasi hatukuvijua, na tajiri kama alivijua hakutuambia.

Kwetu kushauriana kulichukua dakika tano. Tuliitwa mmoja mmoja, barakoa usoni, mita moja kutoka kwenye meza, tukapewa karatasi ya kupunguziwa mshahara kwa theluthi moja. Nilisaini kwa kalamu yangu mwenyewe, maana kalamu ya ofisi tuliambiwa tusichangie. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Asubuhi yake nilipeleka ile karatasi kwa tajiri. Aliigeuza akanionyesha kwa kidole mstari wa mwisho: "mpaka hali itakapotengemaa." Tarehe haikuwekwa.