Histeria sio "tabia za wanawake"

Juzi tena, benchi la hospitali, kaka mmoja anamweleza mwenzake kwa nini mkewe, aliyeishiwa nguvu miguuni, kalazwa: "Ni histeria tu, si unajua wanawake." Hiyo "tu" imenikaa kifuani mpaka leo.

Kwa kifupi, histeria ni jina la zamani la dalili za mwili kama miguu kuisha nguvu, sauti kupotea au kuanguka kama mwenye kifafa, na vipimo havionyeshi kitu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliligawa mwaka 1980, dalili zikapewa majina mengine.

Sasa jina lenyewe. Wagiriki wa kale kizazi walikiita hystera, na waganga wao waliandika kwamba kizazi kinahama, kinapanda juu kinabana kifua, ndo mwanamke anakosa pumzi. Yaani hukumu imo ndani ya neno, mwanaume hana kizazi kwa hiyo haugui. Karne ya 19 Charcot, daktari wa mishipa ya fahamu pale hospitali ya Salpêtrière, Paris, akaonyesha wanaume nao wanapata, mafundi waliopata ajali kazini, wanaume kabisa, lakini jina likabaki lilelile.

Halafu kuna histrioniki, jina la shida ya haiba ya mtu anayetaka kutazamwa kila saa, na hapa ndo watu wanachanganya sana. Hili linatoka Kilatini, histrio, mwigizaji wa jukwaani, halina undugu wowote na kizazi. Ila mwaka huohuo wa 1980 "haiba ya kihisteria" iliitwa histrioniki, sasa mtu anasikia yote mawili anaona ni kitu kimoja: mwanamke anaigiza. Na wataalamu wenyewe hawajapona, manake 1989 watafiti Ford na Widiger waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mgonjwa yaleyale wakabadilisha jinsia tu, akiandikwa mwanamke anaangukia kwenye histrioniki kirahisi zaidi, akiandikwa mwanaume anaitwa mtu asiyejali sheria wala wenzake.

Ndo maana wanawake wengi waliotibiwa akili wanakwambia "hawakunisikiliza, walisema nina mawazo," na wanaume nao wanalia upande mwingine, sonona yao iliitwa ulevi au ukorofi. Sio kudeka huko. Eliot Slater, daktari wa London, alifuatilia wagonjwa 85 walioandikiwa histeria na mwaka 1965 akatoa majibu: wengi walikuja kukutwa na ugonjwa mwingine kabisa, na wapo waliokuwa wameshakufa.

Kwa hiyo kaka yangu, ukirudi wodini hilo neno liache. Muulize daktari kwa upole wamempima nini, wameondoa ugonjwa gani, na ugonjwa wenyewe unaitwaje sa hivi. Na nyumbani wakikuuliza shemeji ana nini, waambie tu miguu yake haina nguvu na bado wanamwangalia.